Acheni kutupasulia maneno!

Jamani wadau, leo nimekereka. Nimenunua gazeti la Kiswahili hapa Pasua (jina silitaji), nikakuta mwananchi kakatwa mwisho wa mstari hivi: "mwan-", halafu "anchi" mstari wa chini. Ukurasa huohuo mwalimu kawa "mwal-imu", na kuna ng'ombe aliyeachwa "ng'-" huku, "ombe" kule. Hata buchani hawakati hivyo!

Ukiuliza, unaambiwa ni kompyuta. Kompyuta hufanya ilichofundishwa. Mwaka 1983 Frank Liang wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha namna ya kukata maneno kwa kufuata mifumo ya herufi iliyochotwa kwenye kamusi ya Kiingereza. Mifumo zaidi ya 4,000, maana Kiingereza hakitabiriki. Sasa ukiiacha programu kwenye Kiingereza, itamkata mwananchi kama Mwingereza. Huo ni uvivu wa aliyekaa mbele ya mashine, basi.

Tena sisi tuna bahati. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, mtoto wa darasa la kwanza anajua: ma-ga-ze-ti. Kwa Python kazi yenyewe ni mstari mmoja:

re.findall("[^aeiou]*[aeiou]", "mwananchi")

Jibu: mwa, na, nchi. Mweke ng'ombe, unapata ng'o na mbe. Najua kuna mtaalamu atarukia "daktari" na "labda". Kweli, hapo inatoa da-kta-ri badala ya dak-ta-ri. Ni maneno ya kukopa, yatengenezewe orodha yake. Mhariri anaweza kuianza akisubiri chai.

Mnasema ni jambo dogo. Kwa nani? Mitaani kwetu kuna wazee waliojua kusoma kupitia elimu ya watu wazima, ile iliyopamba moto tangu 1970. Walifundishwa kwa silabi, na wanasoma kwa silabi, kidole juu ya karatasi. Mzee akifika "mwan-" kidole kinasimama, anarudi nyuma. Akirudi mara tatu anakunja gazeti, na habari ya bei ya kahawa imempita. Halafu tunalia magazeti hayauziki!

Wahariri, fungueni hiyo programu ya kupangia kurasa, mzime ukataji wa Kiingereza leo hii. Mistari ikibaki na mapengo tutavumilia.