Nani Aagize Damu?

Kwenye hospitali zetu za wilaya muuguzi hufanya karibu kila kinachohusu damu, isipokuwa kuiagiza. Yeye huchukua sampuli na kuipeleka maabara. Yeye na mwenzake husomeana namba ya chupa, jina la mgonjwa na kundi lake. Yeye hutundika, kisha hukaa kando ya kitanda dakika 15 za mwanzo akiangalia homa, baridi, upele na pumzi, na hali ikibadilika ndiye anayefunga mrija. Ila fomu ya kuombea damu inasubiri saini ya daktari au tabibu.

Toleo hili limekwenda Nachingwea na Ruangwa, na si kwa bahati. Mwaka 2007 watafiti walihesabu kaya zipatazo 226,000 katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, hizi mbili zikiwamo, wakakuta vifo vya uzazi 712 kwa kila vizazi hai 100,000. Uchambuzi wao uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kadiri mama alivyoishi mbali na hospitali, ndivyo vifo vitokanavyo moja kwa moja na uzazi vilivyozidi. Tangu hapo taifa limepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulitaja vifo 104 kwa idadi hiyohiyo ya vizazi. Hata hivyo mama anayevuja damu baada ya kujifungua bado anaweza kufariki ndani ya saa mbili.

Sasa chukua zamu ya usiku. Daktari yuko thieta na mama mwingine, glovu mkononi. Leba yupo mkunga mwenye leseni, shuka la pili limeshalowa, na chupa ya kundi linalohitajika imo jokofuni. Anapiga simu, haipokelewi. Waliowahi kukaa zamu hiyo wanajua kinachofuata: ama anasubiri, ama anatundika, saini itafutwe asubuhi. Mambo yakiharibika, ataitwa mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya mwaka 2010, akiwa hana karatasi ya kumtetea.

Ajabu ni kwamba nchi hii haijawahi kuogopa kugawana kazi. Madaktari wasaidizi wamewapasua akina mama kwa miongo mingi, na aliyewalaza usingizi mara nyingi alikuwa muuguzi aliyesomea usingizi. Uingereza nayo ilibadili sheria mwaka 2005, damu ikaacha kuhesabiwa kuwa dawa, na sheria haikuwazuia tena wasio madaktari kuiagiza. Mwaka 2009 ukatoka mwongozo wa kuwaandaa wauguzi na wakunga kuamua na kuandika agizo la damu wenyewe.

Madaktari wanaopinga muuguzi kuagiza damu hatuwabezi. Damu ina madhara, na chupa iliyotundikwa pasipo sababu ni chupa aliyonyimwa mwingine. Utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, uliwaangalia watoto wenye hemoglobini kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita lakini wasio na dalili za hatari: kuwaongezea damu papo hapo hakukupunguza vifo. Lakini somo hilo linatusaidia sisi. Uamuzi mzuri hutegemea kipimo na dalili zilizoandikwa, na vyote viwili muuguzi aliyefundishwa anavisoma kila siku.

Kwa hiyo ombi letu ni finyu. Wizara ya Afya na Baraza waandike kanuni kwa hali mbili tu: mama anayevuja damu nyingi, na mtoto mwenye upungufu mkali wa damu, hasa wa malaria. Muuguzi awe amefuzu mafunzo na kupewa cheti. Aandike saa na sababu. Daktari apitie kila agizo kesho yake.

Kanuni hiyo haitajaza jokofu. Chupa zitaendelea kutoka kituo cha kanda Mtwara na mikononi mwa ndugu wanaojitolea wodini, na zitaendelea kupungua shule zikifungwa, maana wanafunzi ni wachangiaji wakubwa. Tena muuguzi akiongezewa dhamana hii, aongezewe na posho. Tusije tukampa saini ya daktari kwa mshahara uleule wa jana.