Mwenyekiti wa mtaa hupatikana kabla ya siku ya kura

Msikilizaji wetu, ukiuliza watu wa Makanyagio hapa Mpanda ni nani aliyewachagulia mwenyekiti wa mtaa, wengi watakujibu: sisi wenyewe, Novemba 27, 2024. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu. Nusu nyingine ilikwisha kuamuliwa wiki kadhaa kabla ya hapo, na wengi wetu hatukuwepo.

Tukumbushane ratiba. Wananchi walijiandikisha kuanzia Oktoba 11 hadi 20, 2024 katika orodha ya mtaa, kijiji au kitongoji. Orodha hiyo si lile daftari la kudumu la Tume ya Uchaguzi, na ndiyo maana baadhi ya watu wenye kadi ya kupigia kura walidhani wameshamaliza kazi. Fomu za kugombea zilianza kutolewa Oktoba 26 na kurudishwa mwisho Novemba 1. Uteuzi ulifanyika Novemba 8, kampeni zikaanza Novemba 20 na kumalizika Novemba 26. Kesho yake tukapiga kura.

Sasa angalia hapo katikati. Kwa sheria ya Tanzania hakuna mgombea binafsi. Ukitaka uenyekiti wa mtaa ni lazima chama cha siasa kikudhamini. Wenzetu wa Kenya mtu anaweza kusimama mwenyewe hata kwenye udiwani wa kaunti. Hapa kwetu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, ilisema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, lakini utaratibu haujabadilika.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni chama, na ndani ya chama kuna kura za maoni. Hapo wanaopiga ni wanachama peke yao. Mtu asiye na kadi ya chama hana sauti, hata kama ameishi mtaa huo miaka thelathini. Tena jina lake linavyosema, ni kura za maoni. Vikao vya juu vya chama ndivyo vinavyotoa neno la mwisho. Tuliliona jambo hilo mwaka 2025, pale wanachama wa CCM walipopiga kura za maoni za ubunge na udiwani Agosti 4. Baada ya hapo baadhi ya walioongoza hawakurudishwa, na walioachwa nyuma yao wakapewa nafasi.

Mlango wa pili ni uteuzi wa msimamizi. Mwaka 2024 vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa kwa makosa madogo ya kujaza fomu, na rufaa zikafuata. Ilipofika siku ya kura, zipo sehemu ambako karatasi ilikuwa na jina moja tu. Safari hiyo kanuni ziliruhusu mgombea wa peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana, tofauti na mwaka 2019 ambapo wengi walipita bila kupingwa. Matokeo ya nchi nzima yalipotangazwa, CCM ilikuwa imechukua zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji.

Haikuwa hivi siku zote. Jimbo la Mpanda mjini lilikuwa na mbunge wa CHADEMA, Said Arfi, kuanzia 2005 hadi 2015. Wakazi wa mji huu wanajua uchaguzi wenye ushindani unavyokuwa. Ushindani unapopungua siku ya kura, unahamia kwenye kura za maoni, na huko ndiko mtu anapopatikana.

Je, hili linamhusu mkulima au mama lishe ambaye siasa si kazi yake? Linamhusu sana. Kikundi chenu kikitaka mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, safari inaanzia kwenye serikali ya mtaa. Ukitaka barua ya utambulisho, ni huko huko. Kaya zinapotambuliwa kuingia TASAF, ni kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Mkiuziana kiwanja, mnamtafuta mwenyekiti ashuhudie. Mbunge unaweza usimwone mwaka mzima, lakini mwenyekiti utamfuata nyumbani kwake usiku mtoto akipotea.

Tufanye nini basi? Kwa mwanachama wa chama chochote, kura za maoni zisiwe siku ya kusubiri soda na nauli. Takukuru hutukumbusha kila uchaguzi kwamba rushwa ni kosa hata ndani ya chama. Anayekununua leo atazirudisha fedha zake kwenye barua yako kesho.

Kwa asiye na chama, bado kuna mahali ambapo kadi haiulizwi, nako ni kwenye mkutano. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, na mtaani nako mkutano wa wakazi upo kisheria. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 ana haki ya kuingia, kuuliza mapato na matumizi yasomwe, na kutaka jibu.

Uchaguzi mwingine wa mitaa, kwa hesabu ya miaka mitano, ni mwaka 2029. Ukisikia mwenyekiti ameitisha mkutano, nenda. Ukiona miezi inapita hajaitisha, muulize mtendaji kwa nini. Kuuliza huko hakungoji 2029.