Usiharakishe Kumwuza Punda Mzee



Tangu mavuno ya mahindi yaishe, watu kadhaa wamefika ofisini hapa Isiolo kwa ajili ya punda asiyetaka kutembea. Mimi ni karani tu, si mganga wa mifugo, lakini ndimi niandikaye maneno yao katika daftari, na wengi huuliza jambo moja: "Nimwuze kwa bei gani?" Nasema swali hilo limekuja mapema mno.

Mtazame kwanza anavyosimama. Ikiwa ametanguliza miguu ya mbele na kuegemea nyuma, kama mtu akanyagaye kwa visigino, na kwato zake ni moto ukizishika, huenda ana uvimbe wa ndani ya kwato. Humo mna mfupa ulioshikamana na ukuta wa ukwato kwa nyama laini. Punda akivunja ghala usiku akala mahindi mengi, chakula huchacha tumboni, sumu huingia damuni, na nyama zile huvimba. Nao ukwato hautanuki. Fikiri jipu chini ya ukucha wako! Mshiko ukilegea, mfupa huinama, na hapo kupona ni kwa shida.

Kumpiga ili atembee ni kosa, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haituruhusu kumfanyisha kazi mnyama mgonjwa. Mwite mganga siku ile ile. Huku ukimngoja, mwagia kwato maji baridi, umweke kivulini penye mchanga mwingi (mchanga wa mtoni hatuununui), na umwondolee nafaka zote. Lakini usimnyime chakula kabisa. Punda akishinda na njaa, mafuta ya mwili humjaa katika damu, naye aweza kufa kwa hayo. Mpe nyasi kavu, mabua na maji.

Kisha ni kungoja. Ukwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, hivyo ukwato mpya kamili hutaka karibu mwaka. Kila wiki sita hadi nane fundi ajuaye apunguze ncha kidogo kidogo. Si kwa panga, kama nilivyoona kwa jirani mmoja.

Mtasema: mwaka mzima kwa mzee asiyebeba hata debe moja? Ni swali la haki, na si wote waponao. Mganga akisema mfupa umetoboa chini, mwache ampumzishe bila maumivu. Lakini huyu amekuchotea maji miaka kumi. Tena mjue kwamba punda wa Afrika wamepunguzwa sana kwa ajili ya ngozi zao, hata mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukaazimia kusimamisha biashara hiyo kwa miaka 15. Kumpata mwingine si kama kununua kuku.

Na ghala lako je, mlango wake una komeo?