Vijana wa Johannesburg wanapoiuliza simu badala ya daktari

Tarehe 28 Oktoba mwaka 1999, Thabo Mbeki, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini wakati huo, alilihutubia Baraza la Taifa la Mikoa na kudai kuwa dawa ya AZT ina sumu. Aliwataka wajumbe wajisomee wenyewe maandiko mengi yaliyoko kwenye intaneti kuhusu suala hilo. Yaliyofuata yanajulikana. Serikali yake ilisitasita kutoa dawa za UKIMWI, hadi Mahakama ya Katiba ilipoiamuru mwezi Julai mwaka 2002 iwape wajawazito nevirapine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kuwa kusitasita huko kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Inafaa tulikumbuke tukio hilo kila tunapowasikia wazazi wakilalamika kwamba watoto wa siku hizi wanatafuta tiba kwenye simu. Iwapo rais mwenye mawaziri na washauri alipotoshwa na intaneti, mtoto wa miaka 15 atalaumiwa vipi?

Swali la kujiuliza ni kwa nini kijana huyo anaanzia kwenye simu. Sheria ya nchi hii haimfungii mlango. Sheria ya Watoto ya mwaka 2005 inamruhusu mtoto aliyetimiza miaka 12 kupimwa virusi vya UKIMWI na kupata kondomu au dawa za kuzuia mimba bila idhini ya mzazi, na siri yake ilindwe. Lakini sheria ni kitu kimoja na foleni ya zahanati ni kitu kingine. Kijana aliyevaa sare ya shule huogopa kukutana na jirani kwenye foleni hiyo, na wapo wauguzi wanaomkemea badala ya kumhudumia.

Kwa watoto wa wageni hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2025 wafuasi wa kundi la Operation Dudula walisimama kwenye milango ya zahanati za serikali, zikiwemo za Johannesburg, wakidai vitambulisho na kuwafukuza wasio raia. Mwezi Novemba mwaka huo Mahakama Kuu mjini Johannesburg ililipiga marufuku kundi hilo kufanya hivyo. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu haki ya huduma za afya. Hata hivyo, hofu haiondoki siku hukumu inaposomwa. Binti mmoja wa jirani yetu hapa Yeoville, mzaliwa wa Bukavu, aliniambia: "Mjomba, simu haiulizi karatasi."

Ni kweli, simu haiulizi karatasi. Lakini pia haimwambii nani anajibu. Katikati ya Johannesburg na Hillbrow, nguzo za taa zimejaa vikaratasi vinavyotangaza utoaji mimba wa haraka usio na maumivu. Matangazo ya aina hiyo yamehamia kwenye intaneti, yakiwa na namba za watu wasio na leseni. Tangu mwezi Februari mwaka 1997 sheria inaruhusu utoaji mimba kwa ombi la mwanamke katika wiki 12 za mwanzo, kwenye vituo vilivyoidhinishwa. Mtu anaweza kuiunga mkono sheria hiyo au kuipinga. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba binti asiyeijua ndiye mteja wa yule aliyebandika kikaratasi.

Tatizo jingine ni bei. Tume ya Ushindani ilitangaza mwezi Desemba mwaka 2019 kuwa wanaonunua vifurushi vidogo vya intaneti, yaani maskini, ndio wanaolipa zaidi kwa kila megabaiti. Vodacom iliteremsha gigabaiti moja ya mwezi kutoka randi 149 hadi 99 mwezi Aprili mwaka 2020. Hata hivyo, mwenye randi chache husoma jibu la kwanza analolikuta na kuishia hapo.

Mafanikio pia yapo. Mwaka 2008 Mradi wa Masiluleke ulitumia nafasi iliyobaki kwenye ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa simu, ukaweka humo namba ya msaada wa UKIMWI. Simu zilizopigwa kwenye kituo cha Johannesburg ziliongezeka karibu mara tatu. Ujumbe ule ulikuwa wa bure, ulikuwa kwa lugha za wenyeji na aliyejibu alikuwa mtu aliyefunzwa.

Kiswahili hakimo katika lugha rasmi za Afrika Kusini, hivyo anachosoma mtoto wa Yeoville kwa Kiingereza, mama yake huenda hawezi kukihakiki. Hapo sisi wazazi tunalo la kufanya. Kumnyang'anya kijana simu hakutamrudisha zahanati. Tumweleze haki yake kisheria, na siku akiogopa mlangoni, twende naye.