Tunatafuta Kocha au Dalali?

Shule niliyosoma hapa Uganda haina kocha mkuu wa kandanda, na sisi wanafunzi wa zamani hatulali kwa kubashiri. Mara atakuja fulani aliyechezea Cranes, mara atanyakuliwa kocha wa shule jirani. Uvumi una utamu wake, sikatai. Lakini sikilizeni sifa tunazozitaja: "Huyo atakuja na vijana wake sita!" Hiyo ni sifa ya kocha au ya dalali?

Sita wakiingia, sita waliofanya mazoezi tangu kidato cha kwanza wanakaa benchi. Hao wageni nao husomeshwa bure mradi miguu ni mizima. Goti likiteguka, karo inadaiwa. Niliketi dawati moja na mmoja wao. Mtihani wa UCE haukumkuta shuleni.

Najua mtanitajia vikombe vya Kitende na Kibuli, na safari za FEASSSA. Haya, twendeni huko. Ila kila mwombaji aulizwe kwanza: wachezaji wako wangapi walimaliza kidato cha nne? Asiyejua idadi asipewe filimbi.