Niliambiwa nilienda kutafuta, si kutembea

Picha iliyoniletea maneno mengi zaidi maishani ni picha ya maji. Niko kwenye bwawa la Hatta, Dubai ile ya milimani, nimevaa shati la maua la kuazima, na nyuma yangu maji ya kijani kama yamewekwa filta. Na sikuweka filta. Niliiposti Jumanne mchana. Kufikia jioni nilikuwa na meseji tisa. Mbili za pongezi, sita za kuomba pesa. Ya tisa ilikuwa ya mathe: "Ulienda huko kutafuta ama kutembea?"

Kwa wageni hapa: niliacha campo mwaka wa pili juu karo ilikuwa imegoma, nikaenda Dubai kuwa mlinzi kwa jumba la maduka, nikakaa karibu miaka miwili, nikarudi. Siku hizi naongea na simu kwa riziki. Na hilo swali la mathe nimelisikia kwa midomo ya watu wengi sana, wengine hata hawajawahi kunitumia salamu. Leo nalijibu, kwa sababu naona wasee wengi mnapaki mabegi kuenda Ghuba, na kila mtu anawaambia kuhusu mshahara, viza, baridi ya AC. Hakuna anayewaambia kuhusu siku ya ofu.

Hebu tuanze na neno. Mzungu akija Nairobi kufanya kazi Gigiri anaitwa ekspati. Ijumaa jioni anafunga baiskeli juu ya gari, Jumamosi asubuhi yuko Hell's Gate anaendesha katikati ya pundamilia, Jumapili anakula samaki Naivasha, Jumatatu anarudi ofisini na pua nyekundu. Hakuna mtu kwao anampigia kumuuliza kama ametuma pesa ya mabati. Anaitwa mtu anayependa Afrika. Mimi nikipanda basi la dirham 25 mara moja kwa mwezi, naitwa mpotevu. Na si sote tumevuka mpaka kufuata kazi? Tofauti ni nani ameruhusiwa kuwa na wikendi.

Hata hiyo wikendi yenyewe. Januari 2022 Emirati walihamisha wikendi yao kutoka Ijumaa na Jumamosi ikawa Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikawa nusu siku. Nilipofika, watu wa maofisini bado walikuwa wanaipigia stori. Mimi niliisikia vile nasikia bei ya dhahabu. Mlinzi hana wikendi, ana ofu, na yangu ilikuwa Jumanne.

Miezi minne ya kwanza nilizilala hizo Jumanne zote. Sijilaumu. Ukisimama saa 12 kwa siku, siku sita, pamoja na basi la kampuni la kwenda na kurudi, mwili unadai deni lake. Nilikuwa naamka saa kumi jioni, nafua yunifomu, napika ugali, napiga simu nyumbani, narudi kitandani. Kitanda cha juu, chumba cha watu sita, kambi ya Al Quoz. Miezi minne katika mji ambao watu hujinyima miaka ili wauone, na nilichokuwa nakijua mimi ni mlango mmoja wa vioo.

Aliyenitoa ni Mganda tuliyekuwa naye chumbani. Jumanne moja akanivuta mguu: "Amka, nikuonyeshe maji." Tukaenda mpaka Deira, kwenye mkono wa bahari unaougawa mji wa zamani, tukapanda abra, ile mashua ya mbao ya kuvuka kwenda Bur Dubai. Nauli ni dirham moja, yaani shilingi 35 hivi za Kenya. Mnaketi kwenye benchi moja katikati, mgongo kwa mgongo, mkiangalia maji: mimi, jamaa wa Pakistan na gunia lake la vitunguu, watalii wawili na kamera zao, sote kwa dirham ile ile. Kuvuka ni dakika chache tu. Tulivuka, tukarudi, tukavuka tena, tukarudi. Dirham nne. Nilirudi kambini nikalala kama mtu aliyeachiliwa mahali, na Jumatano nilisimama pale mlangoni nikiwa na kitu kichwani cha kufikiria mbali na miguu yangu.

Kuanzia hapo nikajiwekea sheria. Ofu tatu za mwezi nalala, ya nne natoka. Bajeti: dirham 70, zisizidi. Ilitosha Abu Dhabi, basi la dirham 25 kwenda na 25 kurudi, na Msikiti wa Sheikh Zayed kuingia ni bure ukijiandikisha mapema. Marmari nyeupe mpaka unatembea ukikunja macho. Chakula nilibeba, chapati nne kwenye mfuko. (Tahadhari kwa watoto wa mat za Rongai: kula au kunywa ndani ya metro ya Dubai ni faini ya dirham 100. Hiyo ni karibu thao tatu na nusu kwa sababu ya chapati.)

Lakini Hatta ndiyo iliyonimaliza. Ni sehemu ya Dubai iliyojitenga peke yake milimani, karibu kilomita 130 kutoka mjini, pale milima ya Hajar inapoingia Oman. Basi linapita jangwa, unaona ngamia, unasinzia, unaamka kuna mawe. Mawe tu, ya kahawia, yamepanda juu kama mtu aliyamwaga. Kisha bwawa. Kuna mitumbwi ya kukodi, sikukodi. Nilikaa ukingoni nikaanza kumrekodia mathe sauti, nikimweleza rangi ya maji.

Nyuma yangu nikasikia: "Kijana, Kiswahili hicho umekinunua wapi?"

Nikageuka. Mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, ana wajukuu wawili. Nikasahau u-Nairobi wangu wote, nikasema shikamoo. "Marahaba, mwanangu." Alizaliwa Unguja, akaondoka akiwa mtoto baada ya mapinduzi ya 1964, amezeekea Muscat. Wajukuu anawaongelesha Kiswahili wanamjibu kwa Kiarabu, "lakini matusi yake wanayajua yote." Akanimiminia kahawa kutoka kwa chupa yake, akanisogezea tende. Akaniambia Kiswahili chetu cha Nairobi kina mifupa. Halafu akaniuliza: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Wasee, nilikuwa nimekaa miezi saba nikiulizwa namba ya beji. Mtoto wa nani! Nikamwambia mpaka jina la cucu. Nikala tende saba. Alipoondoka ndipo nikamwomba kijana mmoja anipige ile picha.

Kwa hivyo mathe, hesabu yangu ni hii. Mshahara ulikuwa dirham 2,000 kasoro kidogo. Kila mwezi 1,100 zilikuja nyumbani, na hukuwahi kuzikosa hata mwezi mmoja. Dirham 70 zilinunua mtu wa kuzitafuta hizo 1,100. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, pesa nyingi kuliko chai yetu yote tunayouza nje, na wanasiasa wanapenda kuitaja hiyo namba. Sijawahi kusikia mmoja akiuliza hao watu walitoka nje ya geti mara ngapi.

Na kuna jambo lingine ambalo sikulijua wakati huo. Kutembea si kujiburudisha tu. Unajifunza ramani. Mwenzetu mmoja chumbani hakuwahi kutoka, ofu zake zote ni kitanda na simu. Mshahara ulipochelewa miezi miwili na tukaamua kwenda kulalamika, yeye hakujua kadi ya basi inajazwa vipi. Mwaka mzima Dubai. Ilibidi tumshike mkono kama mtoto wa nasari. Sasa jiulize, huyo mtu angekuwa peke yake? Mimi kwa sababu ya matembezi yangu ya "kupoteza pesa" nilijua metro inaisha saa ngapi, nilijua ubalozi mdogo wa Kenya uko upande gani wa mji, nilijua Deira kuna mahali unapata ugali na mtu wa kukusikiliza. Mwajiri anayekutakia mema hana shida na wewe kujua njia. Ukiona mtu anafanya bidii usijue njia, hapo fungua macho.

Sasa nije kwa sehemu ambayo ningependa kuruka.

Ile picha ya maji iliendelea kutembea bila mimi. Binamu yangu, mtoto wa dada ya mathe, aliihifadhi kwa simu. Alikuwa na miaka 21, amekaa nyumbani tangu kidato cha nne. Ajenti alipomwambia kuna kazi ya nyumbani Emirati, alienda kwa chama cha mama yake kuomba elfu 30 za pasipoti, vipimo vya hospitali na "usumbufu" wa ajenti. Wale wamama wakasita. Akawatolea simu, akawaonyesha mimi na shati la maua. Picha yangu ndiyo ilikuwa dhamana.

Hakuna mtu kwa hicho chama aliyejua kuhusu kitanda cha juu. Hawakujua juu sikuwahi kukiposti. Niliposti Hatta, niliposti msikiti, niliposti abra nikiwa nimegeuza uso kwa jua. Siku sita za wiki hazikuwa na picha. Mara moja, baada ya kusikia hiyo stori, niliposti chumba chetu, soksi za watu sita zimening'inia kwa vyuma vya kitanda. Laiki 12. Mtu akakomenti nawaaibisha wenzangu.

Alifika nikiwa nimebakisha miezi mitatu. Mji tofauti, nchi hiyo hiyo. Hatukuonana hata mara moja, kwa sababu ofu yangu ilikuwa Jumanne na yake haikuwepo. Alipouliza aliambiwa hii ni nyumba, nyumbani mtu hapumziki. Pasipoti iko kwa droo ya madam. Mimi nimerudi, yeye sasa ana miezi 14, na nje ya geti ametoka kupeleka watoto kwa gari.

Sheria za Emirati zinasema mfanyakazi wa nyumbani ana siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki, na mwajiri haruhusiwi kumshikia pasipoti. Nimemtumia hayo maneno. Nimemtumia na namba ya ubalozi mdogo. Hajapiga, anaogopa deni la chama. Kwa ajenti tumeenda mara mbili na mathe, mara zote tunaambiwa avumilie, wenzake wanavumilia. Mathe ndiye aliyeongea kwa hasira zaidi hiyo siku ya pili. "Hata ng'ombe tunamtoa nje," alimwambia yule ajenti. Yule yule mathe wa kutafuta ama kutembea. Nilinyamaza.

Kwa hivyo wewe unayepaki begi, usinisikize mimi kuhusu mahali pa kupiga picha. Kabla uulize mshahara, uliza ofu ni siku gani, na ukae hapo mpaka iandikwe kwa kandarasi, kwa lugha unayoisoma. Mtu akikujibu "utapumzika usiku", mrudishie kalamu yake. Uliza wikendi yako kama vile yule wa Gigiri aliuliza yake, bila aibu. Ukifika, lala ofu mbili, tatu, halafu toka. Hata kama ni dirham moja. Na ukiposti maji, posti na kitanda, hata kama ni laiki 12, kwa sababu kuna mtu ataibeba hiyo picha mpaka kwa chama.

Wiki iliyopita binamu yangu alinitumia meseji saa saba usiku, wakati nyumba imelala. Nilidhani ni dharura. "Kaka, ulifika aje kwa ile maji?"

Nikamwandikia yote. Steji iko wapi, kadi inanunuliwa wapi, dirham 25, basi linachukua muda gani, shuka wapi, beba maji ya kunywa. Ndipo nikagundua sijawahi kumwandikia mtu yeyote hayo, picha tu ndiyo nilikuwa natuma. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kama dereva hukubali msichana akiwa peke yake.

Nikamwambia ndiyo, na mabasi ya huko viti vya mbele ni vya wanawake.

"Sawa," akaandika. "Mimi nitakaa kwa dirisha."