MTIHANI HUU WAMPIMA MTOTO AU MFUKO WA BABA YAKE?

Ndugu wazazi wa Birere, Majengo, Katindo na Ndosho,

Kila mwaka, watoto wa mwaka wa sita wanapokaribia kumaliza, biashara moja hushamiri hapa Goma. Ni biashara ya masomo ya jioni. Mwalimu afundishaye asubuhi bila malipo ya mzazi, jioni awauzia watoto wale wale somo lile lile kwa dola. Asiyelipa huambiwa ati mtoto wake ni mzito wa kichwa. Na shule zile chache ambazo kila mtu azitamani zina mtihani wao wenyewe wa kuingia, tena karatasi hulipiwa kabla mtoto hajashika kalamu. Akishindwa, pesa hairudi.

Sisi twauliza: mtihani huu ni wa nini? Serikali ina mtihani wake wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ule tuliouita TENAFEP na sasa ENAFEP: Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Mtoto akishinda hupewa cheti. Kama cheti kile ni cha kweli, mbona mlango wa sekondari wadai kingine? Na kama si cha kweli, mbona twakipigia vigelegele na kuwamwagia watoto poda barabarani?

Tutajibiwa kwamba nafasi ni chache, lazima kuchagua. Haya, na wachague. Lakini mimi ni karani wa mgodi, kazi yangu kuandika uzito wa magunia, na katika kazi yangu mizani husimamishwa sawa kwanza ndipo gunia hupandishwa. Hatumwulizi mchimbaji kama anafahamiana na mwenye mizani.

Basi tazameni mtoto anayepimwa. Aliyeingia mwaka wa kwanza Septemba 2019 aliingia wakati Serikali ilipoanza kutimiza kifungu cha 43 cha Katiba, shule ya msingi bila malipo. Tulifurahi. Madarasa yakafurika, watoto wakabanana kama dagaa. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya Korona. Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka, mji ukakimbia, wengine wakalala Sake na kitabu hawana. Kuanzia 2022 vita vikawasukuma maelfu chini ya mahema ya Kanyaruchinya. Januari 2025 risasi zikalia mjini, shule zikafungwa tena. Mtoto huyo huyo ndiye aliyemaliza mwaka wa sita 2025! Mwenye baba wa dola alinunuliwa jioni yale yote yaliyopotea. Wa baba mwingine alifika mbele ya karatasi ile ile na mapengo ya miaka sita, kisha akaandikiwa kwamba hana akili.

Na lugha je? Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 yakubali lugha za taifa shuleni, na watoto wetu huanza kusoma kwa Kiswahili. Vema sana. Lakini mlangoni pa shule hizo hakuna neno moja la Kiswahili. Shule moja niliyompeleka binti yangu ilimtaka aandike kwa Kifaransa barua kwa rafiki aliye likizo kando ya bahari. Bahari gani? Ziwa Kivu analijua, anachota maji humo. Hesabu zote alizipata, kwa barua hiyo akaachwa nje. Sikatai Kifaransa, mapadri walinifundisha, nacho chanilisha. Nakataa Kifaransa cha sebuleni kuitwa akili.

Wazee wetu waujua mlango huu. Mpango wa elimu wa Mbelgiji wa mwaka 1948 uliwagawa watoto wa Kongo baada ya miaka miwili tu ya shule: wengi wakatupwa katika daraja la kawaida, wachache “waliochaguliwa” ndio wakaandaliwa kwa sekondari. Kisha kwa amri ya mwaka 1952, Mkongo aliyetaka kuhesabiwa mstaarabu alikaguliwa mpaka ndani ya nyumba yake. Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Na kuchagua kwingi huko kulizaa nini? Tarehe 30 Juni 1960 nchi hii kubwa ilipata Uhuru na wenye digrii ya chuo kikuu hawakufika 30. Leo mkaguzi haji nyumbani kuhesabu uma na visahani. Anahesabu masomo ya jioni.

Jirani zetu wa Kenya walifanya mtihani wao wa KCPE kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na watoto wao hupita kwenda mwaka wa saba bila kuchujwa. Kwetu bado watoto wa miaka 12 hulia mbele ya ubao wa majina.

Hatumshambulii mwalimu. Wako waliofundisha miaka mingi bila jina lao kuwamo katika orodha ya mshahara, nao wana watoto. Deni hilo ni la Serikali, lisilipwe na mama muuza makala. Lakini mwalimu kumfundisha kwa pesa mwanafunzi wake mwenyewe, ambaye kesho atamtia alama, hilo halina jina zuri, na kamati za wazazi zina haki ya kulikataza.

Tuanze hivi. Kila mtaa utafute kijana mmoja au wawili waliomaliza sekondari, wakae na watoto wa mwaka wa sita Jumamosi, bure, kanisani au msikitini. Malipo ya karatasi ya mtihani tuyakatae kwa pamoja, maana mmoja akikataa peke yake mtoto wake ndiye atakayefukuzwa. Na katika mkutano wa wazazi, kabla ya majina kuandikwa, kila mkuu wa shule aulizwe mbele ya wote: katika mtihani wako wa mwaka huu, ni swali gani ambalo halimo katika kitabu cha mwaka wa sita, na nani alikuruhusu kuliuliza?